Marudio ya Pampu Namba Mbili

Kompyuta yangu niliinunua mkononi kwa mtu Shinyanga mjini, kioo kina ufa. Shule niliishia kidato cha nne, mengine nikajifundisha chumbani kwangu Ngokolo. Nilipenda logi, yale maandishi ambayo mashine inajiandikia yenyewe, kila tukio na saa yake. Kwa kuwa sikuwa na mashine, nilitengeneza logi za uongo. Naandika amri moja kwenye ukurasa mweusi, inanimwagia mistari elfu ya ndege na treni zisizokuwepo. Naandika amri nyingine, inachuja ninayoitaka. Nikajiona injinia mkuu wa nchi, huku wali unaungua.

Basi nikapata kazi Geita, kwenye plenti ya kuchenjua dhahabu. Pale pampu inazungusha maji ya dawa kwenye matangi ya mchanga. Ikisimama, dhahabu inabaki mchangani na bosi anavimba.

Siku hiyo alikuwa amevimba kweli.

"Pampu namba mbili inalala zamu ya yule mama wa mchana," aliniambia. "Nitolee ushahidi."

Nikafungua logi ya pampu, nikachuja mistari yote yenye neno "imezimwa". Ilitoka kumi na mmoja, tisa ya zamu yake. Nikampa bosi, nimejaa sifa. Akasema Jumamosi mama akabidhi buti na ufunguo.

Sifa zote zikaniisha. Mama huyo ndiye aliyekuwa ananiletea chapati kila asubuhi, na ya siku hiyo ilikuwa bado ya moto mezani kwangu. Nilikuwa nimeimega mara moja tu, nikaifunika.

Habari zilipomfikia, mama akaja mwenyewe, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mayu," nikasema. Mayu ni mama; Kisukuma changu kinaishia karibu na hapo.

"Marahaba. Ndiyo umeniosha namna hii? Na chapati yangu hujamaliza?"

"Mayu, mimi nimechuja tu."

"Na yaliyobaki umeyatupa wapi?"

"Sijayatupa. Nimeyaacha kwenye faili."

Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Aliosha dhahabu kwa karai miaka mingi kabla ya kushika pampu. "Mchenjuaji gani wewe! Nani anaacha marudio? Osha tena!"

Marudio ni mchanga ulioshaoshwa mara moja. Huku hautupwi. Kuna watu wamejenga nyumba kwa dhahabu waliyoipata humo.

Nikaosha tena. Safari hii niliiambia amri inipe kila "imezimwa" pamoja na mistari mitatu ya juu yake na mitatu ya chini. Ikatoka hivi, mara zote kumi na moja: umeme umekatika, pampu imezimwa. Zamu yake ni ya mchana, saa ambazo makarasha ya majirani yote yanasaga mawe na umeme unazidiwa. Na kila mara, umeme uliporudi, pampu ilikuwa imewashwa kabla dakika haijaisha.

Bosi alisoma, akajikuna kisogo. "Kumbe umeme. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Buti zangu zenyewe zisingekutosha."

Nilimalizia chapati, imeshapoa, tamu vilevile. Mayu akainamia kioo changu chenye ufa.

"Hicho kitu kinaandika na nikiwahi?"

Nikamtafutia. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika asubuhi, na pampu ilikuwa imewashwa tena dakika kumi kabla ya zamu yake kuanza.

Akaweka kidole juu ya mstari ule, hakukitoa.

"Huyo ni mimi," akasema. "Nisomee tena."