Mawe ya Shangazi Wabiwa

Nguo za shangazi yangu Wabiwa zilinuka ndakala hata zikiwa zimetoka kufuliwa. Ilikuwa harufu ya samaki wadogo waliokaushwa kwenye mchanga wa Baraka, mji wetu kando ya ziwa, iliyochanganyika na moshi na mafuta ya mawese, nami niliisikia kabla yeye mwenyewe hajafika mlangoni. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Alinunua ndakala ufukweni, akazifunga katika shuka, akazibeba kichwani hadi Kilembwe, huko ndani nyuma ya milima, kisha akarudi na maharage na mchele. Alikuwa mwanamke mnene, kama tulivyo sote wa upande wa baba. Mama yangu alitoka katika ukoo wa watu wembamba. Alikula nasi katika sahani moja, bugali ule ule wa muhogo na sombe ile ile ya majani yake, na bado mifupa ya mabega yake ilionekana. Sisi tulizaliwa na miili inayojua kuweka akiba. Lakini unene wa shangazi ulikuwa wa mtu wa milimani: miguu migumu, mgongo ulionyooka, na pumzi ndefu iliyomwezesha kupanda mlima huku akisimulia habari za soko bila kukata maneno.

Bibi, mama yake, alikuwa na mwili ule ule, ila yeye aliuza vitenge sokoni akiwa ameketi tangu asubuhi hadi jua linapozama. Magoti yake yalikufa mapema. Vita vilipofika Baraka mara ya kwanza, watu walishika watoto na sufuria wakakimbia kuelekea Lweba, na Bibi hakuweza kukimbia. Baba na vijana wa jirani walimweka juu ya kitanda cha fito, kipoyi, wakambeba mabegani huku milio ya bunduki ikisikika nyuma yetu. Njiani alikuwa akiwaambia, "Batoto, muniweke chini, mwende." Hawakumweka chini. Tulifika Lweba, tukalala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine, na siku chache baadaye Bibi alikufa pale, miguu ikiwa imevimba na kifua kikikoroma. Hakuguswa na risasi. Kwenye matanga nilimsikia mtu akisema kwamba mama huyu ameuawa na mafuta yake. Nilikuwa na umri wa miaka tisa na hasira ile sijaimaliza hadi leo. Bibi yangu aliuawa na wale waliomfanya mwanamke mzee akimbie. Mafuta yake hayakuwa na bunduki.

Shangazi hakulia sana kwenye mazishi. Aliketi kando ya kaburi, akanitazama mimi, mtoto wa ukoo wake, mwenye mashavu yake na mikono yake, akasema, "Sifa, miye na weye tuko mwili moja na koko, huyu bibi yako. Lakini miye sitakufa sababu ya kukaa."

Tuliporudi Baraka, njia ya Kilembwe ilikuwa imefungwa. Kila kilima kilikuwa na wenye bunduki wake, na sitawataja ni wa upande gani kwa sababu kwa mwanamke mwenye mzigo kichwani walikuwa wamoja. Kina mama waliojaribu kupita walirudi bila mizigo, wengine bila nguo, na wengine hawakurudi. Basi shangazi, ambaye maisha yake yote yalikuwa miguuni, alifungiwa ndani ya ua wetu. Tulikula mara moja kwa siku, bugali na mboga bila mafuta wala samaki. Na mwili wake ukaanza kufura. Niliuona kwa macho yangu ukibadilika mwezi hata mwezi, kana kwamba ulikuwa umesubiri miaka yote hiyo aache kutembea ili umpate. Uso ukajaa, vifundo vya miguu vikapotea, na kutoka jikoni hadi chooni akawa anahema. Hata mimi, niliyekuwa nimezoea kwenda shambani na mama na kurudi na kuni, nilinenepa katika msimu ule wa njaa, kwa sababu shambani hakukwendeka tena.

Hapo ndipo mdomo wa mji ulipotugeukia. Wakati watoto wa watu wanakonda, mwanamke anayenenepa lazima awe na jambo. Walisema ana magunia chini ya kitanda. Walisema anapika kwa wanajeshi. Siku misaada ya chakula ilipoletwa, tulipanga mstari tangu asubuhi mbele ya kanisa, na aliyesimamia mstari alikuwa Papa Etabo, jirani yetu, mtu aliyekula maharage ya shangazi yangu miaka na miaka. Alipotufikia alimshika shangazi mkono.

"Mama Wabiwa, toka mu mustari. Hii chakula ni ya bantu ya njala."

"Na miye sina njala?"

"Njala gani yenye inanonesha muntu?"

Watu wakacheka. Watu wenye njaa, waliopoteza nyumba na ndugu, walipata nguvu za kucheka. Shangazi aliniangalia, akanishika bega, tukatoka katika mstari. Nyuma yetu nilimsikia mwanamke akisema, "Na katoto kake nako, angalia." Sikumbuki jioni ile tulikula nini. Nakumbuka tu kwamba shangazi hakuingia ndani. Alizunguka ua, akazunguka tena, mkono mmoja ukutani, akihema, hadi mama akamwomba apumzike.

Tangu siku ile alianza kutembea. Kila asubuhi alitoka nyumbani hadi ufukweni, akapanda hadi mwisho wa mji, akarudi. Lakini vita vilikuwa vimeharibu hata kutembea. Mwanamke anayetembea bila mzigo alikuwa na maswali ya kujibu: anaenda wapi, anahesabu nini, anampelekea nani habari? Wanajeshi wa kizuizi cha barabarani walimsimamisha mara mbili wakamrudisha. Ndipo alipotafuta mawe ya ufukweni, yale ya mviringo, akayafunga katika shuka la ndakala, akayaweka kichwani. Sasa alionekana kama mama yeyote anayekwenda sokoni. Nilitembea naye nikiwa na kifurushi changu kidogo, na kwa wiki kadhaa tulipita pale kizuizini tukisalimia, na pumzi yake ikaanza kurudi.

Asubuhi moja mwanajeshi kijana aliamuru mzigo ufunguliwe. Mawe yakamwagika barabarani.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni mawe."

"Naona ni mawe! Ya kufanya nini?"

"Ya kubeba," shangazi akasema. "Niko natembeza mwili. Mama yangu alikufa juu ya kukaa. Nikikaa, na miye ntakufa."

Walimwita mkubwa wao, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka. Alisema kwamba mama mwenye nguvu za kubeba mawe anaweza kubeba maji, na tangu siku hiyo shangazi yangu alilazimishwa kupandisha maji kutoka ziwani hadi kambi yao juu ya kilima, asubuhi na jioni. Siku alipochelewa kwa sababu ya homa walimpiga kwa mkanda mgongoni. Mama alimpaka mawese kwenye alama zile. Baba alikwenda kambini kumwombea msamaha, akarudi na jicho limevimba hata halifunguki. Na mji uliomwona akipanda na kushuka kilima cha wanajeshi ukasema, si tulisema?

Mwili wake ulipungua. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu kuna watu nikiwasimulia wananiambia, basi angalau alipona. Hapana. Kutembea kulimfaa tangu alipotembea kwa hiari yake na mawe yake. Waliyoyaongeza wao ni mkanda na aibu. Misaada ilipokuja tena, Papa Etabo alimwona mstarini, mashavu yamebonyea, akamwambia kwa upole, "Sasa umeonda, mama. Sogea mbele."

Shangazi alisogea. Alipokea unga na mafuta, akavipanga vizuri ndani ya beseni, kisha akasema kwa sauti ambayo mstari wote uliisikia, "Etabo, siku ile nilikuwa na njala ukanifukuza. Leo banajeshi balinipiga, ndiyo unaniona muntu?" Papa Etabo aliinamisha kichwa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mapigano yaliporudi mwaka uliofuata, wale wa kizuizini walikimbia kabla yetu. Shangazi alimbeba mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukapanda milima hadi Kilembwe, baba na mama nyuma yetu, kwa njia za siri alizozijua yeye, na hakuna mtu aliyehitaji kumtengenezea kipoyi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Katika miaka hiyo hakuwa mwembamba hata siku moja. Damu yetu haikubali. Lakini alikufa akiwa mzee kuliko mama yake alipokufa, na wiki moja kabla ya kufa alikuwa bado akienda sokoni kwa miguu yake.

Leo naishi Baraka na nina binti wa miaka kumi na tatu mwenye mwili ule ule. Pikipiki zimejaa kila kona, na mtoto anapandishwa hata kwenda shule anayoiona kutoka mlangoni. Mwaka huu muuguzi mmoja alimpima, akaniambia mbele yake, "Hii ni ya jamaa, mama, hakuna cha kufanya." Mwingine, baada ya siku chache, alimwambia apunguze ulafi. Nilitaka kuwaketisha wote wawili niwafundishe. Mmoja anamfunga mtoto kwa damu yake, mwingine anamhukumu kwa sahani yake, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anatembea, na kama njia iko salama kwake kutembea. Sisi tulinyimwa njia kwa bunduki. Hawa wa leo wananyimwa kwa matusi ya vijana wa pikipiki wanaowaita mapipa, na kwa milima ambayo bado mama hawezi kumruhusu binti yake aivuke peke yake.

Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada tunatembea, mimi na yeye, barabara ya Lweba, ile ile niliyoipita nikimfuata Bibi juu ya fito. Juzi kijana wa pikipiki alipunguza mwendo kando yetu.

"Bamama, mupande. Mutachoka bure."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu vibaya. Binti yangu aliniwahi, tena alikuwa akitabasamu.

"Tuache tutembee," akamwambia. "Leo hakuna mwenye anatufukuza."