Alfayo Amekataa Kufundisha Mabenchi

Saa nane mchana, mvua imetoka kunyesha. Alfayo Oyoo anasimama mbele ya darasa, chaki mkononi, na kusema, "Hamjambo, watoto."

Hakuna anayejibu. Mbele yake kuna mabenchi matupu.

Mwalimu Gekara, msimamizi wa darasa hili la kufunza walimu karibu na Kapsoit, ameketi nyuma akiandika maksi. "Sauti nzuri," anasema. "Darasa tulivu."

"Litapigaje kelele, Mwalimu, na halina watu?" anauliza Phelis Nyatichi, anayesomea ualimu pamoja na Alfayo. Wanafunzi wengine, waliosimama kando ya ukuta, wanacheka. Alfayo hacheki.

Kijana huyu wa kutoka upande wa ziwa ni mchumaji wa majani chai. Mwaka wa pili sasa, asubuhi yuko shambani na kikapu, mchana yuko hapa. Mazoezi ya kufundisha yamepangwa wakati wa mvua kubwa, majani yanapochipuka kwa fujo na kila mtoto yuko shambani anachuma.

Mwaka jana ilikuwa hivi hivi. Mkaguzi wa mtihani alipokuja na watoto wa kweli, wanafunzi walibabaika, wakaanguka. Ondieki, mmoja wao, amerudi kwenye kikapu.

"Nilimwomba Mwalimu tungoje kiangazi," Alfayo anasema. "Akaniambia ratiba imetoka juu. Nikamjibu, hata mvua imetoka juu."

Leo anaweka chaki chini, anautoa ubao ukutani na kujitwika kichwani.

"Unapeleka wapi mali ya shule?" anauliza Gekara.

"Kwa watoto, Mwalimu."

"Ukitoka hapo mlangoni, jina lako nalikata kwenye mtihani."

Alfayo anatoka. Phelis anaokota chaki na kumfuata.

Shambani, kwenye mizani ya kupimia majani, watoto wako kwenye foleni na vikapu vyao. Nyapara Ratemo anawazuia Alfayo na Phelis. "Hapa ni pa majani. Shule iko kule."

"Wakingoja mizani huwa wanafanya nini, mzee?" anauliza Alfayo.

"Wanasukumana."

"Basi wasukumane wakisoma."

Ratemo anajikuna shingo. "Foleni yangu isisimame," anasema.

Alfayo anaandika hesabu. Mtoto mmoja analia, wawili wanapigania nafasi, mwingine anauliza kwa nini sifuri inaandikwa kama haina kitu. Alfayo anatokwa na jasho. Anajaribu jibu, linakataa. Anajaribu lingine, kwa kikapu kitupu safari hii, na yule mtoto anaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

"Mabenchi hayajawahi kuniuliza kitu," anasema baadaye, akifuta ubao kwa kiganja.

Gekara hajabadili neno lake. Mkaguzi anakuja Ijumaa, na Alfayo amekwisha kuomba. Hakumwomba Mungu jina lirudishwe. Aliomba asiogope. Ijumaa atakuwa hapa kwenye mizani na ubao wake, na Phelis atamngoja mkaguzi barabarani amwelekeze.

"Nikianguka, nianguke mbele ya watoto," anasema. "Siangushwi na mabenchi."