Ditekta ya Shemeji na Sarafu Yenye Tundu

Fundi Bomba alikuwa amepiga magoti uani kwa mdogo wake, udongo umemjaa mpaka kwenye kope, hasira ziko puani. Mkononi kashika kizibo cha soda. Cha kumi na nane tangu asubuhi.

"Fundi, mpaka saa ngapi?" mwashi aliuliza, kajikalia juu ya mifuko ya saruji. "Saa sita namwaga zege."

"Mwaga mdomoni mwako."

Mwashi akacheka. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, yeye kuta, mwenzake mabomba, na alijua leo si siku ya kujibizana naye.

Fundi Bomba na mdogo wake waliachiwa na mama yao sarafu mbili za zamani, nyembamba, zenye tundu katikati. Kila binti na yake, uzi shingoni. Mdogo mtu aliachwa bado ananyonya. Sura ya mama haijui, picha hakuna. Mama yake ni ile sarafu. Jumatatu uzi wake ulikatika akianika nguo, sarafu ikapotea, na leo Jumamosi ua mzima unafunikwa zege.

Ditekta ya Fundi Bomba ni fimbo ya plastiki iliyofungwa utepe mweusi katikati, ile ya kutafutia mabomba ya chuma chini ya sakafu. Rahisi kama nini. Inalia mlio mmoja tu, iwe msumari, iwe dhahabu, na chuma kikizidi kina cha kiganja haisikii kitu. Kwa hiyo kila ikilia, unachimba. Huna ujanja.

Ya shemeji yake, mume wa mdogo wake, ni habari nyingine. Bei yake unapata pikipiki. Ina kioo, ina namba, ina vya masikioni. Wiki nzima shemeji ni karani, Jumapili anaingia uwanja wa mpira kusaka sarafu, halafu anapiga picha na kuzirusha mtandaoni. Jana aliupitia ua dakika ishirini, akavua vya masikioni, akatangaza: "Ua msafi. Haipo." Basi. Mke akalia, akakubali, akamwita mwashi. Mashine ya bei ile imeshasema, wewe nani ubishe?

Hicho ndicho kilichomchoma Fundi Bomba. Yeye kachimba siku tatu hakuna aliyemuuliza kitu.

Shemeji akatoka na kikombe cha chai. "Shemeji, bado unahangaika na hicho kidude? Hata kengele ya baiskeli ina akili kuliko hicho."

Fundi Bomba akasimama. Akavua uzi shingoni, akaitupa sarafu yake mwenyewe katikati ya ua.

"Kalete hiyo ya kwako. Pitisha hapo."

"Ya nini sasa?"

"Pitisha!"

Ikaletwa. Ikapita juu ya sarafu iliyolala peupe, jua linaipiga. Kimya. Ikapita tena. Kimya. Mwashi akashuka kwenye mifuko aje kuona vizuri.

"Ah, hapana," shemeji akaanza kubonyeza vitufe. "Nimeiweka isisikie vizibo. Uwanjani vinachosha, ningechimba mpaka mgongo ukatike."

"Na kizibo na hii sarafu vinalia sawa?"

"Karibu sawa."

"Ulikuwa unajua?"

Shemeji akaendelea kubonyeza vitufe.

"Nakuuliza, ulikuwa unajua? Mke wako analia ndani, wewe umeiziba mashine masikio, unakuja kututangazia ua msafi? Kwa sababu ulikuwa mvivu wa kuinama?"

"Shemeji, taratibu, majirani..."

"Wasikie! Iondolee huo ujinga, ulete hapa."

Ilipofunguliwa ikapiga kelele ua mzima kama kuku wanaokimbizwa. Fundi Bomba hakuhangaika na kelele. Alikwenda nayo moja kwa moja ukutani, kwenye mtaro wa bomba la maji machafu. Mtaro ule aliuchimba na kuufukia yeye mwenyewe Jumanne, chini ya kamba ya nguo. Siku nne alikuwa anaogopa kuuwaza. Fimbo yake ilipita hapo mara kumi, haikusikia kitu.

Mashine ya shemeji ikasikia. Mlio mdogo, wa mbali. Fundi Bomba akaweka fimbo yake palepale: kimya. Ilimuuma, lakini ndio ukweli. Chombo kizuri kilikuwa kizuri. Kilikosa mtu tu.

Akachimba kwa mkono, asije akaikwangua kwa koleo. Kiganja. Viganja viwili. Mkono ulipozama karibu na kiwiko, vidole vikagusa kitu chembamba, na kidole kidogo kikapata tundu.

"Mdogo wangu! Njoo!"

Mdogo wake akatoka mbio, mikono ina povu la sabuni. Aliipokea, akaipangusa kwenye kanga, akaikumbatia kifuani na ngumi zote mbili.

"Ni mimi niliyeifukia," dada mtu akamwambia. "Nisamehe."

"Umeitoa, dada."

Shemeji akajisogeza, simu mkononi. "Mnaona? Nilisema mashine yangu haikosei. Ishike vizuri nipige picha."

Fundi Bomba akamnyang'anya simu, akaitia mfukoni mwake, akamkabidhi koleo la mwashi.

"Mashimo thelathini na moja," akasema. "Yafukie yote. Simu utapewa ukimaliza."

Mwashi akatazama jua, akarudi kukaa juu ya mifuko yake. "Mimi nasubiri," akasema. "Sina haraka kabisa."