Alama za magoti kando ya shimo la ndizi

Jana mjukuu wangu alirudi kutoka shule ya Mbarara na neno la Kingereza. "Koko, sneak ni nini kwa Kiswahili?" Nikamwambia ni kunyata, kwenda kama mwizi. Yeye, ambaye darasani hakuna anayemshinda, na sijisifu, akasema mwalimu anafikiri zamani sana neno hilo lilitaka kusema kutambaa.

"Basi hao Waingereza walinijua," nikasema. Akacheka. Mimi sikucheka, na tangu jana sikai nikatulia.

Sikia. Kwetu, Kivu ya Kusini, bibi yangu alipika kasiksi, pombe ya ndizi, na hakuna aliyemfikia. Ndizi alizizika shimoni, juu majani na udongo, pembeni moto wa moshi, mpaka ziive zote pamoja. Alituonya: "Mtoto asisogee fasi hii!" Joto likitoka, ndizi zinaiva nusu, pombe inakufa. Na safari ile ilikuwa pombe ya wakwe waliokuwa wanakuja kumposa dada yangu.

Lakini harufu ile! Ilikuwa inaniita kwa jina. Mchana, watu wakiwa mashambani, nilitambaa kwa magoti katikati ya migomba, nikafukua, nikala tatu, nikafunika ovyo.

Kesho yake bibi alisimama juu ya shimo. Magoti yangu yalikuwa yamejichora pale kwenye udongo laini. Nilijikojolea kidogo, sifichi. Hakuniangalia. Alivunja tawi, akazifagia alama zile polepole, moja moja.

Siku ya wageni pombe ilikaba koo. Mzee mmoja wa upande wa bwana arusi akatema chini: "Mama, haya ni maji ya kuoshea sufuria?"

"Ni mimi," bibi akajibu. "Niliharakisha kufungua shimo. Uzee huu."

Mbele ya watu mingi vile, yeye na sifa yake yote! Dada aliolewa. Bibi hakuitwa tena kupika pombe ya arusi ya mtu.

Sikuungama. Nilisema kesho, kesho. Vita ikaja, tukakimbia, yeye akabaki.

Hapa Juru, kambini kwa wakimbizi, tunalima maharagwe na mahindi. Shimo hakuna, na harufu ile sijaisikia tena. Asubuhi hii nimefagia uwanja. Wajukuu wadogo walikuwa wamecheza kwa magoti karibu na jiko, wakaacha alama kwenye udongo. Nilipofika hapo na ufagio, mkono ukakataa. Nikazizunguka. Alama bado zipo, na mimi bado nazunguka.