Chumvi ya Siku Kumi na Tano

Mama mkwe wangu alikaa miaka sita bila kuona vizuri, na siku madaktari walipomtoa mtoto wa jicho, kitu cha kwanza alichosimama kukitazama nyumbani kwangu hakikuwa uso wangu. Kilikuwa samaki.

Alivua ile miwani myeusi aliyopewa hospitalini, ingawa aliambiwa asiivue, akasogea hadi pua ikagusa kioo. Ndani, samaki wangu wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe alikuwa anaelea mbele ya jiwe lake, kama kawaida yake. Nimezoea wageni kuniuliza kama analiwa. Mama hakuuliza hilo. Aliweka kiganja juu ya kioo. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha Wajir anachonisemesha mimi tu, ambacho mara nyingi p hugeuka b na v hugeuka f: "Subhanallah. Hii yote ilikuwa hapa, na mimi nabita tu?"

Kweli, wiki nzima kabla ya upasuaji alikuwa akipita mbele ya tangi lile akipapasa ukuta.

Mimi ni mtu wa Lamu. Niliolewa Wajir, sasa nafundisha shule ya sekondari Garissa, na katika mji huu ambao jua hukausha kanga ya kwanza kabla hujamaliza kuanika ya pili, nimeweka bahari sebuleni: tangi la lita mia mbili, mawe, konokono wanne, kamba mmoja mwekundu na huyo samaki. Majirani husema nina wazimu, nami sibishani nao. Mwaka wa nne huu, na bado kila asubuhi nikiwasha taa ya tangi hushangaa kwamba jambo hili linawezekana. Unachukua maji safi ya kununua, unakoroga chumvi ya bahari iliyokuja kwa basi kutoka Mombasa, na kiumbe wa Mungu anakubali kwamba hapo ni kwao. Mara nyingine huchelewa kazini kwa kutazama tu.

Basi nilifurahi kupata mwenzangu wa kushangaa. Mama alihamisha mkeka wake hadi mbele ya tangi. Alikula hapo, akavuta tasbihi hapo, akawa anamsimulia samaki mambo kwa Kisomali. Daktari alimtaka abaki mjini mpaka kliniki ya baada ya miezi miwili, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikuhesabu siku za kukaa kwake.

Wiki ya tatu samaki akaacha kula. Alijibanza pembeni chini, akipumua haraka haraka. Kamba alilala ubavu. Konokono wawili walikuwa wameanguka kutoka kwenye kioo na hawakuinuka tena.

Nina kifaa cha kupima chumvi, kama kidarubini kidogo: unadondosha tone la maji juu yake, unachungulia, unasoma mstari. Kwanza nilikijaribu kwa maji matupu, kisije kikawa kinanidanganya. Kikasoma sifuri, kama inavyotakiwa. Nikadondosha maji ya tangi. Kinapaswa kusoma thelathini na tano. Kilisoma ishirini na mbili.

Nilikaa sakafuni. Chumvi haipai angani. Joto letu linapokunywa maji ya tangi, chumvi hubaki nyuma, na maji huzidi kuwa makali. Ili chumvi ipungue, lazima mtu awe ameitoa.

"Hooyo," nikamwita mama, "kuna mtu ameyagusa maji ya samaki?"

"Mimi!" akasema, uso umemchangamka. Naye huniita hooyo, yaani mama, vilevile, kama mama wa Kisomali anavyomwita mtoto wake. "Nimeonja. Chungu, hooyo! Mimi nimekunywa maji ya fisima mingi, lakini hii hata ngamia inakataa. Unafunga kiumbe ya Mungu ndani ya maji chungu?"

Amekulia visimani, na mtu wa visima huonja maji kabla ya kumnywesha mnyama. Kila siku baada ya adhuhuri, mimi nikiwa shuleni, alichota majagi mawili ya maji ya tangi akayamwaga kwenye mwarobaini wa uani, kisha akarudisha majagi mawili ya maji ya kunywa, yaliyopoa vizuri mtungini.

"Naba yeye maji tamu," akasema. "Sadaka ya macho yangu."

Damu ilinipanda kichwani. Niliingia jikoni nikafunga mlango, nikampigia simu mume wangu, ambaye yuko Mandera kikazi. Nilisema maneno ambayo mke hapaswi kusema juu ya mama wa mumewe. Yeye akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Usimwambie," akasema. "Tangu aone, kila akinipigia ni samaki, samaki. Akijua amemuua kwa sadaka yake, hatakula."

"Bado hajafa."

"Basi asife."

Rahisi kusema ukiwa Mandera. Nilirudi sebuleni nikararua pakiti ya chumvi, nikaishika juu ya maji, tayari kuimimina yote. Hapo nikakumbuka alichoniambia mzee aliyeniuzia samaki yule Mombasa: ukimpunguzia chumvi anaweza kukusamehe, lakini ukimwongezea kwa pupa hakusamehe kamwe. Mwili wake umeshazoea maji mepesi, na chumvi nyingi ya ghafla itamkausha kutoka ndani, akiwa majini. Nikaifunga pakiti. Haba na haba, nilijiambia. Isizidi alama moja kwa siku.

Kila jioni nilikoroga chumvi kwenye ndoo ya maji safi, pembeni, nikaweka pampu ndogo ya hewa izungushe hadi kesho yake mchana, chumvi iyeyuke yote na maji yashike joto la sebule. Niliyapima kabla hayajagusa tangi. Yale maji ambayo jua limekunywa, ambayo zamani nilifidia kwa maji matupu, sasa niliyafidia kutoka kwenye ndoo. Nililichukia joto la Garissa miaka yote, na sasa nililitazama likinifanyia kazi.

Kuhusu majagi ya mama, nilimwambia: "Hooyo, sadaka usiache. Ila nisubiri nirudi kutoka shuleni, kisha tumia maji ya ndoo hii, nimekutayarishia."

Hakuonja. Yalikuwa yametoka mkononi mwangu. Akaendelea kutoa majagi mawili na kurudisha mawili, bismillahi kila jagi, akimtilia samaki chumvi bila kujua, nami nikitazama mlangoni nikiona haya.

Kamba alikufa siku ya tatu. Mama alipouliza, nilimwambia amejificha nyuma ya jiwe. Samaki alikuwa bado pembeni, mapezi yamebana, na kila nikirudi kutoka shuleni nilifungua mlango nikitazama juu ya maji kwanza. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Siku ya tisa niliangusha chakula kidogo, akakitazama, akapanda taratibu, akakila. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Siku ya kumi na nne, kipimo kikisoma thelathini na nne, jagi likamteleza na maji yakamrukia mdomoni.

Alilamba. Akalamba tena. Akaweka jagi chini polepole.

"Hooyo. Hii ni chungu."

Nilichoka kusema uongo. Nilimwambia yote: kwamba bahari nzima ni chungu vile, kutoka Lamu hadi mwisho wa dunia, na ndani yake kuna viumbe wasiohesabika na hakuna anayelalamika. Nikamwambia maji matamu kwa samaki huyu ni ugonjwa. Nikamwambia kuhusu kamba.

"Yote?" akauliza. "Bahari yote hifo?"

"Yote."

Akashika kifua. Alitazama tangi kama siku ile ya kwanza. "Allah. Na ndani ya ile chungu ameweka rangi hii." Kisha sauti ikamshuka. "Na mimi karibu naua yeye."

"Yuko hai. Wewe mwenyewe ndiye umemrudisha, kwa jagi lako."

"Kwa nini hukuweka chumvi yote siku moja, iishe?"

"Angekufa. Akishazoea maji mengine, mwili hauwezi kubadilika kwa siku moja hata kama anarudi kwenye maji mazuri. Lazima kidogo kidogo. Kesho ndiyo mwisho, siku ya kumi na tano."

Alikaa kwenye mkeka wake. Samaki alikuwa mbele ya jiwe, akipunga mapezi, amenenepa tena. Mama hakumtazama. Alinitazama mimi, kwa macho yale mapya, na ndipo nilipogundua kwamba tangu apone hatujawahi kutazamana hivyo.

"Samaki, siku kumi na tano," akasema. "Na wewe tulitoa Lamu asubuhi, kesho yake tukakuweka jikoni yangu, lugha hujui, watu hujui. Mimi nikasema, huyu msichana ana kiburi, mbona haongei."

 Miaka kumi na mmoja nilikuwa na majibu ya kila namna kwa ajili ya mwanamke yule, mengine makali, nimeyapanga kichwani tangu jikoni kule Wajir. Hakuna hata moja lililokuja.

Akanishika mkono, wake ukiwa bado umelowa maji ya ndoo.

"Bole, hooyo," akasema. "Bole sana."

Nikaketi mkekani kando yake, nikalia.