Nafasi Nyeupe za Bibi Ersilia

Siku yangu ya kwanza kazini theluji nyepesi ilikuwa ikianguka, na Mkurugenzi alinikabidhi rula ya chuma kabla hajaniuliza jina. Tulikuwa juu ya duka la viatu, hapa Toronto, kwenye nyumba ndogo ya uchapishaji iliyotoa vitabu vya washairi wa Kiitaliano pamoja na tafsiri za Kiingereza. Kiitaliano nilifundishwa na masista wa misheni kwetu Njombe, na kupanga kurasa nilijifunza kwenye kiwanda chao cha chapa. Nyinyi mnaopanga kurasa kwa kubofya mtanisamehe: sisi tulitumia mkasi, gundi na macho.

"Binti," alisema Mkurugenzi, mzee mfupi aliyevaa kofia hata ndani, "mashairi ni watu. Usiwabananishe."

Nilikubali kwa kichwa. Mwezi haukuisha nikambananisha mmoja.

Mswada, yaani nakala ya mwandishi kabla haijapangwa, ulikuwa wa Ersilia Morandin, mwanamke wa mji mdogo kando ya mto, kaskazini mwa Italia. Aliupiga mwenyewe kwa taipureta. Baada ya kila mshororo aliacha nafasi tupu, nyingine hata nusu ukurasa. Mimi nilikulia kwenye mashairi ya magazetini, mishororo minne minne, vina vimekaa sawa, beti zimeshikana kama matofali. Nikaona huu ni uzembe tu. Nikazifunga nafasi zote kwa rula yangu mpya na kujisifu moyoni. Mkurugenzi alikuwa safarini, kwa hiyo hata prufu, zile kurasa za majaribio, nilizipitisha mwenyewe.

Kitabu kikatoka kimekonda. Wahakiki wa huku wakaandika kwamba huyu ni mwanamke anayepayuka bila kupumua. Bibi Ersilia alituletea barua fupi ya shukrani, hakulalamika, wala hakutuma kitabu kingine. Akasahaulika.

Miaka ikaenda kama inavyokwenda huku, koti linavaliwa, koti linavuliwa. Mkurugenzi alistaafu. Akaja Mhariri Mkuu mpenda kelele, kisha mwingine, mwanamke mtulivu, ambaye chini yake nilimalizia kazi.

Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu alipokuja ofisini mdogo wake Bibi Ersilia. Kumbe siku zote hizo aliishi North York, vituo vichache tu vya treni kutoka kwetu. Alitaka nakala ya kitabu cha dada yake. Akaifungua palepale, akasoma mshororo mmoja kwa sauti, akanyamaza, kichwa ameinamisha upande. Akasoma wa pili, akanyamaza tena.

"Mbona unasimama, mama?" nikamuuliza.

"Namngoja anayejibu. Dada alikuwa mpokea simu, hamkujua? Aliwaunganisha watu wa kwetu na ndugu zao waliohamia Canada. Alisikia pande zote mbili, lakini kwenye mashairi aliandika upande mmoja." Akakipapasa kitabu. "Humu wamembana. Sijui nani alifanya hivi."

Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Mimi, niliyekuwa nikimpigia mama yangu kutoka huku kwenye simu ya misheni kule Njombe, nikasema neno moja na kungoja sauti yake ivuke dunia nzima! Mtu wa kwanza kumwelewa mshairi huyu angepaswa kuwa mimi.

Jioni ile nilimweleza mume wangu.

"Mama Neema, umebakiza miezi minne," alisema. "Rilaksi tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, Baba Neema."

Asubuhi nikatoa mswada stoo, nikampelekea Mhariri Mkuu, nikakiri. Aliupekua taratibu.

"Kwa hiyo wahakiki hawakumsoma yeye," akasema. "Walisoma rula yako."

"Ndiyo."

"Basi mpange upya. Lakini idhini uombe mwenyewe. Bado yu hai."

Nikapiga simu Italia. Nilimweleza Bibi Ersilia yote. Upande wa pili kimya. Nilitaka kusema halo, halo, kama tunavyofanya sote, nikauma ulimi. Kimya kikaendelea mpaka nikaanza kusikia saa ya ukutani nyumbani kwake.

"Mswada ule unao?" hatimaye akauliza.

"Uko mbele yangu, bibi."

"Nisomee. Jinsi ulivyo."

Nikasoma mshororo wa kwanza, nikangoja. Na kwenye ile nafasi tupu Bibi Ersilia akajibu, kwa sauti ya chini isiyo yake, sauti ya mwanamume aliye mbali akiuliza kama mbwa wake bado anamtafuta. Nikasoma wa pili, akajibu tena, sasa ni mama wa mtu. Tukaenda hivyo mpaka ukurasa wa mwisho, theluji ikipita dirishani, nami sikujua tena niko Toronto, niko kwake au niko Njombe.

Toleo jipya ndilo lililokuwa kazi yangu ya mwisho, na ni nene mara mbili ya lile la kwanza. Msomeni. Si mpayukaji huyu. Ni mshairi wa kungoja, na sisi tunaoishi mbali na kwetu ni wasomaji wake hasa. Vijana wa ofisini huniuliza kwa nini sikuyaandika majibu yale tukayachapa, maana hakuna mwingine aliyewahi kuyasikia. Kalamu nilikuwa nayo mkononi siku ile. Niliiweka chini, kwa sababu nafasi zile nilishamnyang'anya mara moja.