Jumamosi za Geti Kufungwa

Nyumba ya mwanangu iko Milimani, mtaa wa wenye pesa hapa Kisumu, na Milimani mtu hapitii tu kwa jirani. Nilipoanza kuugua miguu alinitoa kwangu upande wa Sondu akaniweka hapa, penye maua na soja wa geti. Kilichonifariji ni Jumamosi. Wanawake wa kanisa letu, wakishauza vitu vyao sokoni Kisumu alfajiri, walipanda hapa kunywa chai kabla ya kurudi. Majina yao ninayo yote, na ya watoto wao, na ya waliokufa, lakini hapa nitayaacha.

Kisha mjukuu wangu akaja kukaa nasi, ajiandae kwa mtihani wa kuingia shule ya sheria. Alikuwa ameshaanguka mara moja. Hakushindwa na maswali, alinieleza, alishindwa na saa: muda uliisha yeye bado yuko katikati. Karatasi za mazoezi alizopata zilikuwa chache. Mwanzoni alifanya mbili kwa siku, kama mtu anayekula mbegu ya kupanda, na ile ya pili kila mara aliivuruga. Basi akaamua: moja tu kwa wiki, Jumamosi asubuhi, nyumba kimya. Siku nyingine ni za kusahihisha makosa.

Mimi akanipa kazi ya saa. Shule niliiacha mapema, lakini saa ya ukutani naijua.

"Dani," akaniambia, maana ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita sisi nyanya zao, "mshale mrefu ukifika juu, gonga meza. Hata nikikulilia, usiniongezee."

Nilikaa naye nikichambua mboga polepole. Mwanzoni nikigonga bado ana ukurasa mzima. Baadaye nusu. Baadaye maswali machache. Jumamosi hizo za kwanza wanawake wa kanisa hawakuwa wamepita.

Lakini kwetu mgeni harudishwi mlangoni. Hata kama huna kitu, unampa kiti na maji. Jumamosi moja akafika rafiki yangu, mmoja wao, yule tuliyeolewa naye boma moja. Nikamtokea getini, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mtoto yuko kwenye mtihani.

"Mtihani gani, na mwalimu hayuko?"

"Wa mazoezi. Rudi mchana."

"Mchana gari letu limeshaenda." Akanitazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. "Haya, Mama Milimani. Tangu lini kwako kunaingiwa kwa saa?"

Akaweka mfuko wa viazi vitamu juu ya ukuta, akashuka na barabara. Nilitaka kumwita, lakini ningepaza sauti mtoto asikie, na mshale ulikuwa karibu kufika. Nikarudi ndani, nikagonga meza. Kalamu ilikuwa tayari imewekwa chini. Ndiyo siku aliyomaliza kwa mara ya kwanza.

Wale wanawake wengine wa kanisa walipata habari. Jumamosi zilizofuata hakuna aliyepanda tena, na mjukuu wangu akausifu utulivu wa nyumba yetu.

Alipita. Sasa yuko Nairobi, anasoma mpaka anasahau kupiga simu. Karatasi moja aliyokuwa ameiweka akiba iko bado juu ya kabati. Rafiki yangu nikimpigia anapokea, tunaongea vizuri, ila habari ya kuja haitaji.

Jumamosi iliyopita nilimwambia soja aache geti wazi tangu asubuhi. Nikapika chai kwa sufuria kubwa, nikakaa kwenye kiti changu kile kile. Mshale mrefu ulipofika juu, mkono wangu ukagonga meza. Hakuna aliyeweka kalamu chini.